Kalamu Ukutani

Mpaka leo hakuna aliyeweza kueleza ni mkono wa nani ulioishika kalamu ile. Annonciata aliisikia mara ya kwanza alasiri moja akichambua maharage nyumbani kwake Rubondo, katika makazi ya wakimbizi. Mdogo wake, Adolphe, alikuwa akimweleza kwa sauti ya chini kwamba Jumanne angekwenda tena Mbarara kwa mwanasheria, kuwataja waliochoma kijiji chao kule Kivu Kusini. Ukutani ukasikika mkwaruzo mwembamba, kama wa kalamu juu ya karatasi. Adolphe alipokoma kusema, nao ukakoma.

"Ni panya, yaya," akamwambia dada yake mkubwa.

"Panya gani anangojea bantu baseme?"

Wakanyamaza, na ukuta ukanyamaza pamoja nao. Chumba kizima kikanuka wino.

Siku ya tatu akaja mtu mwenye viatu safi mno kwa vumbi la Rubondo. Hakutaja ofisi yake.

"Nyabo, mimi nauliza kidogo tu, mambo ya usalama," akasema kwa Kiswahili cha askari, akimwita bibi kwa lugha ya wenyeji. "Ndugu yako anafuata nini Mbarara kila Jumanne?"

"Dawa."

"Dawa ya mwanasheria?" Akacheka, tena bila ubaya. "Na yale maharage, yaliiva?"

Alipoondoka, Annonciata alikaa kitako mlangoni. Wale waliotajwa walikuwa na marafiki hata upande huu wa mpaka. Jina la Adolphe likiwafikia, hangemaliza mwezi.

Akamshuku Pélagie. Jirani huyo alikuwa karani wa waombezi wa kanisa lao, na desturi yao ilikuwa kuandika shida za kila nyumba katika daftari, jina kwa jina, asije mtu akasahaulika katika maombi. Annonciata mwenyewe alikuwa ameomba liandikwe neno moja: safari ya Adolphe.

"Pélagie, daftari ulimuonyesha nani?"

Pélagie akalia kabla ya kujibu. Yule bwana aliomba kulipiga picha, kwa adabu, naye akampa. Tangu Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, walipochukuliwa alama za vidole na picha za macho, hakuwahi kumnyima kitu mtu wa serikali. Annonciata akajiuliza kama yeye angethubutu.

"Lakini mwanasheria sikumuandika, dada. Sikumujua hata!"

Wakalifungua. Chini ya safari ya Adolphe, kwa mwandiko uleule wa Pélagie wenye herufi zilizoinama, yaliandikwa maneno ambayo hakuna aliyempa, yale ya mwanasheria, na ya panya anayengojea bantu baseme, na ya usiku Annonciata alipomlilia marehemu mumewe akiwa peke yake na kitambaa mdomoni, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka Pélagie akaanza kujitazama vidole kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Jumapili, baada ya ibada, waombezi walikaa. Mzee Néhémie, kiongozi wao, aliweka daftari juu ya meza.

"Huyu ni pepo. Anakula siri. Mama Annonciata, tapika yote hapa mbele yetu, atakufa njaa."

"Basi anza weye, mzee."

Wawili watatu wakacheka. Néhémie hakucheka.

"Siri yangu haiko zambi," akasema Annonciata. "Mungu anaijua, inatosha. Tena hata Mungu, akifika kwangu, anapiga hodi."

Mkwaruzo ukatoka mezani. Daftari lilikuwa limefungwa na hakuna aliyeligusa, lakini Pélagie alipolifunua, ukurasa wa mwisho ulikuwa umejaa, na mstari wa chini kabisa, wino wake ukiwa bado unang'aa kwa unyevu, uliishia kwenye neno hodi, na baada ya neno hilo palikuwa na nafasi nyeupe iliyokuwa ikingoja.

Hakuna aliyesema tena. Mzee Néhémie aliweka kiganja mdomoni, akaelekeza kidole jiko la kanisa, kisha akatazama watu, akingoja wakubali. Mikono ikainuka, mmoja mmoja, yote. Pélagie ndiye aliyelibeba daftari, akalichana karatasi kwa karatasi motoni, na tangu siku hiyo waombezi hawaandiki.

Kuhusu Adolphe, Annonciata hakuomba ushauri. Alirudi nyumbani, akamshika mkono kimya, wakaondoka. Siku aliyofika kwa mwanasheria na upande alioelekea baada ya kusema yote, anayejua ni dada yake tu, aliyempeleka. Hajamwambia mtu, hata katika maombi ya sauti.