Furu Aliyepasuka Bila Kuguswa

Kila siku akitoka shule, Kemilembe alibadili sare, akala, kisha akaenda kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, Igoma. Humo mama yake, Prudencia, na msanii mwenzake, Machibya, walitengeneza sanamu za kioo. Waliyeyusha kioo kwenye mwali mkali wa gesi mpaka kikalegea kama asali. Machibya alitengeneza miili, Mama akatengeneza mapezi na vishikizo vya kuning'inizia. Kisha walikaa uso kwa uso na kuviunganisha katika mwali mmoja. Mkono wa mmoja ukitetemeka, kazi ya wote wawili iliharibika.

Safari hii walikuwa wanatengeneza kundi la furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Wangening'inizwa kanisani, juu ya mabenchi ya watoto.

"Furu wako anajivuna kama Mhaya," Machibya alitania.

"Afadhali huyo. Wako tumbo hilo, utadhani kashiba michembe, vile viazi vikavu vya kwenu Usukumani," Mama alijibu.

Kemilembe alicheka pamoja nao. Kazi yake ilikuwa kuleta chupa za kijani, kuziosha na kuzivunja vipande. Mama alikuwa amemwonya achukue chupa za aina moja tu, zile za ukumbi wa harusi. Vioo vya aina mbili husinyaa tofauti vinapopoa. Ukiviunganisha, vinavutana kwa ndani mpaka vinapasuka, na hakuna ajuaye ni lini.

Lakini siku moja wenzake walikuwa wanacheza rede, na ukumbi ulikuwa mbali. Kemilembe aliokota chupa nyingine za kijani mtaroni, akazivunja na kuzichanganya na zile nzuri. Zilipokuwa vipande, hata yeye hakuweza kuzitofautisha.

Furu wote walikamilika Ijumaa. Walikuwa wamepangwa juu ya meza, wamepoa, wanang'aa. Kemilembe alikuwa anafagia aliposikia sauti ndogo, kama ukucha unaogonga bilauri.

Ti.

Aligeuka. Furu mmoja alikuwa amekatika mkia. Hakuna aliyekuwa amemgusa.

Machibya alimwinua, akakagua mahali alipokatika. "Nimemtoa mapema kwenye tanuri la kupozea," alisema taratibu. "Kosa ni langu, Mama Kemi. Nisamehe."

"Hao wengine je?" Mama aliuliza.

"Wanaonekana wazima. Kesho nitawatundika kanisani."

Kemilembe aliendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi. Jioni, familia iliposali, alifika kwenye "utusamehe makosa yetu" na akaishia hapo. Wengine wakaendelea bila yeye.

Jumamosi walipeleka furu kanisani ndani ya boksi. Watoto wa kwaya walikuwa wanafanya mazoezi, na Gladness, rafiki wa Kemilembe, alikaa benchi la mbele. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Machibya alikuwa amekanyaga kidato cha kwanza, furu mkononi.

Ndani ya boksi, kitu kililia tena. Ti.

Kwaya haikusikia. Kemilembe alisikia.

"Mjomba Machibya, usipande."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hukukosea wewe. Nilichanganya chupa. Nyingine niliziokota mtaroni."

Mama alimshika Machibya mkono, akamshusha kwenye ngazi. Kisha aliwaomba watoto watoke nje.

Machibya alivaa miwani yake ya jua, ya aina inayokata mng'ao, akawasha simu. Alimweka furu mbele ya kioo cha simu na kuinamisha kichwa mpaka mwanga wa simu ukafifia machoni pake. Kwenye shingo ya kishikizo, mahali furu alipopaswa kushikwa, mstari mweupe uling'aa.

"Hapo ndipo vioo viwili vinapovutana; miwani hii ndiyo inayoonyesha," alisema. "Huyu angeanguka."

Waliwapima mmoja baada ya mwingine. Zaidi ya nusu walirudishwa kwenye boksi. Kemilembe mwenyewe alikwenda kumweleza katekista kwa nini kazi haitakuwa tayari Jumapili. Katekista alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia amshukuru Mungu kwamba hajachelewa.

Walipokuwa wanarudi, Machibya alizungumza.

"Kioo kibaya hakinitishi, Kemi. Nimefanya kazi nacho miaka mingi. Kilichonitisha ni kwamba ningepanda ngazi na kumning'iniza furu yule juu ya watoto kwa mikono yangu mwenyewe, nikiamini natenda jema. Uongo, hata wa kunyamaza, haukai kwa aliyeuanza. Unatumia mikono ya watu wanaokuamini."

"Na ukikosea tena," Mama aliongeza, "useme siku hiyo hiyo. Tutakasirika, lakini tutakuwa wazima."

Tangu siku hiyo Kemilembe alitembea mpaka ukumbini kila alipotumwa. Furu wapya walipopandishwa, kila mmoja akiwa amepimwa, alikwenda kukaa benchi la mbele, chini yao kabisa, kabla mtoto mwingine yeyote hajaruhusiwa kuingia.