Tanzia ya Baba Ilijirusha Yenyewe

Vijana watatu waliingia uani kwetu Ikolo, majembe begani.

"Dada Anyisile, pole sana. Kaburi la mzee tuchimbe wapi?"

Jamani... baba alikuwa ndani anakunywa uji!

Sijajibu, vilio vikapasuka barabarani. Kina mama wamejifunga khanga, mchele na ndizi vichwani. Wamekuja msibani!

Nilishajua nani kamuua baba. Mimi!

Msinitukane kabla hamjasikia. Mnajua nina kablogu kangu ka habari za kijiji. Kupandisha makala kwa mkono kulinichosha, nikaiset ijipandishe. Nikihifadhi faili kwenye folda moja tu, mtandao ukishika, linakuwa ukurasa, linaenda hewani, na linki inajituma kwenye grupu la WhatsApp la wana-Ikolo. Nilijiona mjanja balaa!

Sasa hospitali walipotwambia tumrudishe mzee nyumbani, kaka akanipigia toka Mbeya.

"Andaa tanzia mapema. Siku yenyewe hutaweza kuandika."

Nikaandika huku nalia. Nikahifadhi... folda ile ile!

Mama akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Gwe Anyisile, hawa wanamlilia nani?"

Nikampa simu. Alisoma, akakaa chini kwenye vumbi.

"Umemzika baba yako anasikia?"

Nilitamani ardhi inimeze. Na baba alikuwa anasikia kweli!

"Nitoeni nje," akaita.

Tukamshika mabega. Alipotokea mlangoni, kilio kilikatika ghafla! Wengine walitimua mbio, mchele ukamwagika uwanja mzima.

Mwanamke mmoja hakukimbia. Sikuwa namjua. Alipiga magoti, akamshika baba miguu.

"Tata! Nilijua nimeshachelewa!"

"Felista..." Baba alimshika kichwa. "Nani kakwambia, huko Njisi?"

"Nimeona tangazo mtandaoni, Tata."

Mama akasimama.

"Huyu ni nani?"

Akamgeukia baba.

"Mume wangu, nakuuliza. Huyu nani?"

"Mwanangu. Yeye na Anyisile wamezaliwa mwaka mmoja."

Mama hakulia. Aliingia ndani, akafunga mlango. Mimi nilisimama pale, sijui nimfuate nani.

Baba akanigeukia.

"Umeandika nimeacha watoto wangapi?"

"Wanne, baba."

"Futa hiyo. Siku ikifika, andika watano."

Nilifuta. Lakini grupu zima walikuwa wameshasoma, na mama alikuwa ameshasikia.

Siku hizi makala haipandi mpaka niisome tena na nibonyeze mwenyewe. Wenzangu, iachieni mashine kazi zote mnazotaka, ila neno la mwisho libaki kwa mtu. Mashine haijui nani bado yu hai, wala nani ataumizwa na habari.

Baba bado yupo. Mama hajamsemesha mpaka leo, na Felista ndiye anayempa dawa zake.