Libérata na Mlima wa Kanisa

Kule kijijini Kingi, mtu akitaka kukusifu hakuambii kwamba umependeza. Anakuambia umenenepa. Maana yake unakula, unalala, na kwako kuna amani. Libérata alisifiwa hivyo kila Jumapili, mpaka nguo zake tatu zikakataa kufungwa vifungo.

Libérata alikuwa na miaka arobaini na tisa. Yeye na mumewe, Kabera, walilima maharage na muhogo mlimani. Mwana wao Trésor alipooa, kabla hajaenda kufanya kazi Walikale, Kabera alichukua jembe la Libérata akampa mkwe wao, Carmel. Katika familia ile hiyo ni heshima: mkwe akiingia, mama anapumzika. Na Libérata alipumzika kwelikweli. Asubuhi alikaa mlangoni na chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne. Mchana alikula bugali na sombe, yale majani ya muhogo, yenye mawese mengi. Sokoni alikwenda kwa pikipiki, ingawa soko halikuwa mbali. Kabera alijivuna. Alisema mke mnene ni ushahidi wa mume mzuri, na hakuna aliyembishia.

Kisha, mwezi wa pili, risasi zilisikika upande wa bonde. Kijiji chote kilikimbilia mlima wa kanisa, kwa sababu nyuma yake kuna njia ya kutokea. Libérata alifika nusu ya mlima. Kifua kilimbana, magoti yakagoma, akakaa juu ya jiwe. Carmel alikuwa amemfunga mtoto wake, Plamedi, mgongoni. Alirudi kumshika mama mkwe mkono. Libérata alimwambia aende. Carmel alikataa. Walibaki pale kwenye njia wazi, watu wote wakiwa wamekwisha kupita. Kabera alikuwa mbele, akivuta mbuzi.

Siku ile vita havikufika kijijini. Jioni watu walirudi nyumbani. Lakini Libérata alirudi na hofu. Hakuhofia kufa yeye. Alihofia kwamba siku nyingine Carmel atasimama tena kumngoja, na mtoto mgongoni. Akisikia mlango ukigongwa, alishtuka. Akimwona Carmel anamfunga mtoto, machozi yalimlenga.

Hakumwambia mtu. Aliamua kupungua kabla vita havijarudi, na vita havitoi tarehe. Kwa hiyo alitaka kupungua upesi. Alitangaza nyumbani kwamba anafunga na kuomba siku saba. Alikunywa maji kidogo yenye ndimu, basi. Mwaka uliopita alikuwa ameandikiwa vidonge vya tension, yaani shinikizo la damu, avimeze kila siku. Navyo akaviacha, maana aliona kumeza kidonge ni kula. Siku ya nne, jua likiwa kichwani, alivaa koti zito la Kabera ili atoke jasho, akaanza kupanda mlima peke yake. Alianguka karibu na migomba, hata nusu ya njia hajafika.

Vijana walimbeba mpaka nyumbani. Sasa, Kingi mtu akidhoofika ghafla, watu hawaulizi anakula nini. Wanauliza amekula kwa nani. Ikakumbukwa kwamba juma lililopita Libérata alikunywa uji kwa jirani yao, Mukandori. Maskini Mukandori, uji wake ulikuwa uji tu. Lakini Kabera alikuwa amekwisha kumwita mzee mmoja anayetoa dawa ya kutapisha sumu. Dawa yenyewe ilikuwa tayari kikombeni.

Carmel hakubishana na baba mkwe. Alitoka mbio kumwita Bénédicte, muuguzi wa kituo cha afya.

Bénédicte alipima tension, ikawa juu. Alimchoma Libérata kidole kupima sukari ya damu, ikawa imeshuka. Kisha akauliza mgonjwa amekula nini siku ile. Libérata aligeukia ukuta.

Carmel alijibu kwa sauti ndogo. "Iko siku ine hajakula kitu. Anasema anaomba."

Bénédicte alichukua kile kikombe cha dawa, akakimwaga nje. Alisema kumtapisha mtu mwenye njala na kiu kunaweza kumuua. Akaagiza maji na uji wenye sukari, anywe polepole. Kabera alikasirika. Kama haiko sumu, alitaka kujua, kwa nini mke wake ajiue na njala nyumbani kwa watu wanaokula?

Hapo Libérata akageuka.

"Papa Kabera, siku ile ya risasi, ulifika kule juu. Uliniona wapi?"

Libérata hakungoja jibu.

"Nilikuwa nimekaa chini, kwa jiwe. Carmel akarudia ju yangu, na mutoto kwa mugongo. Kama wale watu wangekuya, tungekufa wote watatu. Kila asubui niko naogopa. Njo maana nilitaka huu mubili utoke mbio."

Kabera alitazama chini. Aliona aibu, na ilimstahili.

Baada ya siku tatu, Libérata alikwenda kituo cha afya. Mizani ilisoma kilo tisini na mbili. Bénédicte alimwambia asikate tamaa, lakini pia asitafute njia ya mkato.

"Hizi kilo hazikukuya kwa juma moya, Mama. Haziwezi kutoka kwa juma moya. Kilo moya ao mbili kwa mwezi, njo muzuri. Na dawa ya tension usiache, hata siku ya kufunga. Ukitaka kuacha, kwanza uniulize."

Kisha akamweleza mambo ya sahani. Nusu ya sahani iwe mboga, lengalenga au sombe, yenye mawese kijiko kimoja. Maharage yawepo. Bugali iwe kiasi cha ngumi moja. Sukari ya chai ipungue kijiko kimoja kila juma, mpaka iishe. Chumvi nayo ipungue. Na miguu? Atembee kila siku, aanze na barabara ya tambarare. Aende mwendo ambao anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Kifua kikibana, asimame na aje kituoni. Tena alimwonya: mtu anayekonda bila yeye mwenyewe kutaka asisingizie sumu, aende akapimwe.

"Na jembe?" Libérata aliuliza.

"Jembe iko dawa pia. Anza polepole."

Kabera alinung'unika kwamba watu watasema amemrudisha mke wake shambani. Bénédicte alimwambia watu wanasema hata sasa. Basi Kabera alikwenda sokoni, akanunua jembe jipya, moja la mke wake. Kisha alipita kwa Mukandori kuomba radhi. Mukandori alimwacha amalize maneno yote, hakumsaidia hata moja. Ndipo akasema, "Papa Kabera, kama ningetaka kumuua bibi yako, ningemuongezea bugali." Tangu siku ile yeye na Libérata walitembea pamoja kila asubuhi.

Haikuwa rahisi. Juma la kwanza magoti yaliuma. Mwezi wa kwanza alipungua kilo moja, akalia kwa hasira. Pikipiki ikipiga kelele ghafla, alidhani ni risasi, akahesabu moyoni angefika wapi. Alipoanza kukonda, wanawake wa kanisani walimwombea kama mgonjwa. Hata Kabera aliogopa. Siku moja Libérata alionja chai yake, akaikuta tamu. Mume alikuwa ametia sukari kwa siri. Libérata alimpa Kabera kikombe kile akinywe mwenyewe.

Alipanda mlima kidogo kidogo. Kibaba kilikuwa kimejazwa haba na haba, nacho kilipunguzwa haba na haba. Mwezi wa tano tangu aanze kutembea, alifika kwenye lile jiwe. Alilitazama, hakukaa.

Mwezi wa saba wa kutembea, mizani ilisoma kilo themanini na mbili. Asubuhi moja ya juma lile, alikuwa shambani akipalilia, Plamedi akicheza pembeni. Carmel alikuwa ameshuka kuchota maji. Risasi zikasikika, safari hii karibu zaidi.

Libérata aliacha jembe. Alimfunga mtoto mgongoni, mikono ikikosea fundo mara mbili. Akaanza kupanda. Hakukimbia; alikwenda ule mwendo wa kuongea bila kuimba, na midomo yake ilikuwa ikiomba. Alilipita jiwe. Alipofika mlangoni mwa kanisa, moyo ulimpiga kwa nguvu, lakini miguu ilikuwa bado yake. Akageuka kutazama chini.

Kwenye lile jiwe walikuwa wamesimama watu wawili. Mmoja alikuwa Carmel. Mwingine alikuwa Kabera, bila mbuzi hata mmoja. Watu walikuwa wakiwapita, nao walikuwa wakitazama bondeni, wakimtafuta.

"Carmel," Libérata aliita kwa nguvu zake zote. "Musiningoje huko. Tuko huku juu."

Carmel aliinua macho. Alimwona mtoto wake mgongoni mwa bibi, akamshika baba mkwe mkono, wakaanza kupanda.