Sultani Ndani ya Mchanga wa Pangani

Kwaru, kwaru, kwaru.

Kila alfajiri, kabla taa haijawashwa, Zuhra aliisikia sauti hiyo kutoka kona ya chumba: kucha ndogo zikikwaruza ukuta wa ndoo ya plastiki. Ndiyo iliyomwamsha tangu bibi yake, Bibi Nasma, alipomletea kaa watatu kutoka Pangani. Walikuwa kaa wa nchi kavu, wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono na kuyabeba popote waendapo. Bibi alisafiri nao kwa basi mpaka Kibondo, pamoja na mfuko wa mchanga wa ufukweni na chumvi ya bahari ya kutia kwenye maji yao. Mwaka uliofuata bibi akafariki. Kaa wakabaki.

Asubuhi ile waliokwaruza walikuwa wawili tu, Kifaru na Mama Saidi. Sultani, mkubwa wao, alikuwa amejizika mchangani wiki kadhaa zilizopita.

"Akijizika anajivua gamba," bibi alimfundisha Zuhra. "Mwili wake huwa laini kama ute wa yai. Usimfukue, mjukuu wangu. Ukimfukua, umemuua."

Lakini siku hiyo walikuwa wanahama. Baba yake, Hashimu, alikuwa amepata fremu kubwa ya duka la vitenge mjini Kasulu. Chumba kilikuwa kitupu. Ukutani palibaki weupe pale kabati liliposimama, na kando yake mistari ya mkaa aliyopimiwa urefu kila Idi. Zuhra aligusa mstari wa chini kabisa. Alishangaa kwamba aliwahi kuwa mfupi hivyo.

"Zuhra!" Mama yake, Asia, alikuwa mlangoni, mkali kama pilipili, kwa kuwa chupa ya chai ilikuwa imevunjika sasa hivi. "Hao kaa watie kwenye kopo pamoja na kitambaa chenye unyevu, utawapakata garini. Huo mchanga kaumwage nyuma ya jiko. Mchanga wa nyumba ya zamani hauhamishwi, kama ufagio wake."

Zuhra aliitazama ndoo. Akisema Sultani yumo humo chini, je, mama hatasema, "Basi mfukue"? Aliwatoa wale wawili, akaifunika ndoo kwa khanga, akaisukuma juu ya lori la Fuso, chini ya turubai, katikati ya magunia ya maharage.

"Umemwaga?" mama aliuliza.

"Nimemwaga, mama."

Rafiki yake Ange, binti wa jirani, alikuwa amekuja kuaga. Aliona yote. "Yoo! Umedanganya mchana kweupe!"

"Nyamaza wee, mdomo kama redio!"

"Ego, haya, nanyamaza. Lakini Sultani akifa usinililie mimi." Kisha Ange akamkumbatia kwa nguvu.

Gari liliondoka. Zuhra aliketi mbele kati ya baba na mama, kopo mapajani. Aliiangalia Kibondo kwenye kioo cha pembeni: kisima, uwanja wa shule, Ange akipunga mkono mpaka akawa nukta. Kila mara gari liliporuka tuta, moyo wake nao uliruka, maana alisikia magunia yakisukumana nyuma.

Walivuka Mto Malagarasi. Jua likapanda, baridi ya asubuhi ikasahaulika. Walipofika Makere, dereva wao, Bazilio, alisimama kununua ndizi. Mama akamwomba amshushie kapu la mikate lililokuwa nyuma.

Bazilio alirudi akicheka. "Mama Zuhra, chini ya turubai lile hata unga mbichi ungeiva! Mikate yako imeokwa mara ya pili."

Zuhra akamwona Sultani akilini, kule gizani, laini kama ute wa yai.

"Mama," alisema, "sikumwaga mchanga. Ndoo iko nyuma. Sultani yumo ndani."

Baba aliruka chini, akafungua kamba za turubai. Ndoo ilikuwa imelala upande, gunia limeiegemea. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu, mwingine umemwagika kwenye khanga. Zuhra alinyoosha mkono achimbe.

"Usiguse!" Mama alimshika kiwiko. "Bibi yako alisemaje?"

"Asifukuliwe."

"Basi asifukuliwe." Mama aliisimamisha ndoo taratibu, akanyunyiza maji kidogo pembeni, akairudisha hata ile chembe iliyobaki kwenye khanga. Kisha akausogeza mkono wake puani, akaunusa.

"Una harufu ya Pangani," alisema. "Nilikuwa nimeisahau kabisa. Huu si mchanga wa nyumba ya zamani, Zuhra. Ni wa mama yangu." Akamgeukia, macho yakiwa na hasira na machozi kwa pamoja. "Ungeniambia kuna kaa ndani, ningeubeba kichwani mpaka Kasulu!"

Ndoo ilimaliza safari miguuni pa mama, kivulini. Bazilio aliendesha polepole. "Leo nimebeba Sultani," alinung'unika, "na nauli hajalipa."

Nyumba ya Kasulu ilikuwa na vyumba vikubwa na kimya kikubwa zaidi. Zuhra alinyunyiza maji, akasubiri. Mara nyingi vidole vilimwasha achimbe, walau aone. Ange alipiga simu kwa simu ya mama yake: "Amefufuka?" "Bado," Zuhra alimjibu.

Hata alfajiri moja, gizani: kwaru, kwaru, kwaru. Kifaru na Mama Saidi walikuwa kwenye kopo lao. Zuhra alikurupuka, akawasha taa.

Sultani alikuwa juu ya mchanga, rangi mpya inang'aa kama chungwa. Mguu mmoja haukuwepo.

"Mama! Yu hai! Lakini mguu…"

Mama alikuja akifunga khanga, akainama kumtazama kaa. "Utaota tena atakapojizika mara nyingine. Mpaka wakati huo atachechemea, nasi tutamwona na kukumbuka." Akaketi kitandani kando ya binti yake. "Mwanangu, uliogopa maneno yangu, ukauweka uongo mahali pa ukweli. Uongo ule haukumlinda Sultani. Ulimpeleka chini ya turubai. Anayempenda mtu au kiumbe humsemea, hata mbele ya aliyekasirika. Mimi nami nilipaswa kuuliza kabla ya kuamuru. Sasa niambie: siku nikitoa amri itakayoumiza, utafanyaje?"

Sultani alichechemea hadi ukingoni mwa ndoo, akakwaruza.

"Nitakwambia ukweli palepale, mama," Zuhra alisema kwa sauti, akimtazama machoni. "Hata ukiwa mkali kama pilipili. Nakuahidi."