Mguu Mwepesi wa Dulguun

Asubuhi ile soko la Narantuul lilifurika watu mpaka barabarani, na baridi ilikuwa ya kugandisha kope. Nomuun, muuza jibini kavu, alisimama kando akiwa amevaa deel, joho refu la kijani, na mkanda wa hariri ya manjano kiunoni, akanyoosha mkono. Gari dogo jeupe likasimama mbele yake kimya kabisa, akadhani limezimika.

"Linatembea kweli hili?"

"Panda, dada, utaona. Ni la haibridi. Hapa linatumia betri tu."

Dereva, Dulguun, alikuwa kijana mwenye mabega mapana, lakini mguu wake ulikuwa mwepesi ajabu. Akiona taa nyekundu kwa mbali aliachia kanyagio, gari likateleza taratibu huku likijichaji.

"We kaka, unaogopa kuliamsha?"

"Lita nne kwa kilomita mia. Nani mwingine mjini anapata hivyo?"

"Na wachumba unawatafuta hivyohivyo, kwa kubana?"

Dulguun alicheka mpaka akapitiliza njia. Baada ya miezi miwili walikuwa wakipigiana simu mchana kutwa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Mwongo mkubwa! Kesho twende kwa mama ukanipose."

Laiti wangesubiri. Kesho yake walishika njia ya kwa mama. Juu ya kilima, penye ovoo, rundo la mawe la kumheshimu roho mwenye mlima, kila msafiri hushuka akalizunguka mara tatu, na honi tatu ni ruhusa kwa mwenye haraka tu. Dulguun hakuwa na haraka. Alipiga honi, akaliacha gari lishuke lenyewe, na hita akaizima.

"Umempita mwenye mlima kwa ajili ya kijiko cha mafuta?"

"Nimepiga honi, mpenzi."

"Bahili mkubwa! Leo unanigandisha mimi, kesho utawagandisha wanangu. Tukifika kwa mama, usinipose."

Maneno yale yalimchoma. Kabla ya kile kilima, Nomuun alipokuwa amesinzia, Dulguun alikuwa amekikuta kituo cha mwisho cha mafuta kimefungwa, akaona heri amfiche asije akaogopa. Lilikuwa kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la mapenzi.

Upepo ukaja ghafla, mbingu na ardhi zikawa nyeupe, barabara ikapotea. Dulguun alisimamisha gari, akawasha hita mpaka mwisho.

"Sasa ndiyo unaiwasha?"

"Nilikuwa nayatunza mafuta kwa ajili ya saa kama hii. Kituo cha mwisho kilikuwa kimefungwa, Nomuun."

Nomuun aliangua kilio, akamkumbatia shingoni. Injini ilikuwa ikiwaka yenyewe, inawapasha joto, inazima. Kila ilipozima walishikana mikono wakiisikiliza, hawajui kama itawaka tena. Kila nusu saa Dulguun alitoka kufukua theluji kwenye ekzosi, moshi usije ukawaua humo ndani. Safari ya tatu upepo ukampokonya glavu ya kushoto, akafukua kwa mkono mtupu.

"Usitoke tena, nakusihi!"

"Nisipotoka tutalala tusiamke, roho yangu."

Jioni, kaka yake Nomuun, aliyetumwa na mama alipoona hawafiki, alipowafikia na trekta, injini ilikuwa imenyamaza kitambo na haikuwaka tena.

Hospitalini Dulguun alikatwa vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyoharibiwa na baridi. Nomuun hakubanduka kitandani pake.

"Nilikuita bahili."

"Kwani si kweli? Mimi ni bahili."

"Nyamaza, bwana. Nitakulilia hapa watu wanione."

Siku ya tatu mama yake Nomuun aliingia na chai ya maziwa yenye chumvi. Dulguun akajiinua kwa shida akaketi, akatoa hadag, kitambaa cha buluu cha kuposea, ambacho lazima kitolewe kwa mikono miwili. Mkono wenye bendeji haukuweza kukishika, kitambaa kikaanguka. Nomuun alikiokota, akakitandaza juu ya viganja vya Dulguun, kisha akaviinua kwa mikono yake mwenyewe mpaka mbele ya mama.

Mama alikipokea, akautazama ule mkono.

"Haya, nimepata mwana," alisema. "Lakini hamwondoki kwangu mpaka theluji iyeyuke."