Majaketi Yaliyogeuzwa

Tete-tete-tete. Mfuniko wa birika ulikuwa ukicheza gizani, na Kiroboto akajua mama ameshaamka. Jina hilo alipewa na mjomba wake, maana tangu ajue kutembea hajawahi kutulia mahali mpaka chai yake ikapoa. Alitupa shuka, akapapasa kandambili chini ya kitanda, akatoka.

Kwao kulikuwa ukingoni mwa mto, chini ya mlima. Shule zilipofungwa, wageni walikuja kutoka mijini na mahema yao. Walipanda mlima, wakaogelea penye maji yaliyotulia, na wengi wao walitaka kushuka mto kwa boti ya mpira. Boti ilikuwa ya mama. Mjomba, mdogo wake mama, ndiye aliyeiongoza. Majaketi ya kuelea yalikuwa kazi ya Kiroboto.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Jioni majaketi yaliyolowa yalitundikwa bandani yakiwa yameangalia ukuta. Asubuhi Kiroboto alishusha moja moja, akafunga kila kifungo, akakanyaga mkanda wa chini na kuuvuta wa juu kwa nguvu zake zote. Jaketi likistahimili, alilitundika tena kifua kikitazama mlangoni. Mjomba hakuwa na haja ya kuuliza. Lililotazama mlango lilikuwa tayari. Lililotazama ukuta halikuguswa na mtu.

"Leo tuna baba, mama na watoto wawili," mama alisema huku akimbeba mdogo wake Kiroboto mgongoni na kukaza nguo. "Mmoja bado mdogo sana. Anza na majaketi ya watoto, sawa?"

"Sawa, mama."

Lakini alianza na ya watu wazima kwa kuwa yalikuwa karibu na mlango. Kulikuwa kumeshapambazuka alipolimaliza la mwisho. Mara kichwa chenye misuko miwili kikachungulia. Alikuwa binti wa wale wageni. Walikuwa wamefahamiana jana yake tu na tayari walicheka pamoja kama mtu na dada yake.

"We Kiroboto! Mawingu yametoka kileleni! Baba kanipa darubini yake. Twende!"

"Nakuja, nimebakiza kidogo."

"Kidogo chako hicho! Utakuta mlima umeshajifunika shuka."

Kiroboto aliyatazama majaketi ya watoto. Jana si yalikuwa mazima? Nani angeyavunja usiku, panya? Akayageuza haraka haraka, moja baada ya jingine, vifua vikatazama mlangoni. Akatoka mbio.

"Tayari yote?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Tayari!"

Kilele kilionekana kweli, cheusi, na uzi mweupe wa maji ukiteremka ubavuni mwake. Walipokezana darubini mpaka mawingu yakarudi. Baada ya chai wageni waliingia kwenye boti. Mjomba aliwafunga majaketi, huku akimtania baba wa watoto kwamba akae katikati, la sivyo boti itakwenda upande upande kama kaa. Kila kifungo kilialika, ta! Boti ikakata kona, vicheko vikapotea nyuma ya miti.

Kiroboto alirudi bandani kufagia. Kitu kidogo kikakwaruza sakafu chini ya ufagio wake. Akakiokota. Lilikuwa jino la kifungo cha plastiki, moja kati ya yale mawili yanayoingia na kunasa. Jekundu. Majaketi ya watu wazima yalikuwa na vifungo vyeusi. Vyekundu vilikuwa vya watoto.

Kifungo kilichobakiwa na jino moja hualika vizuri tu kinapofungwa. Kikivutwa na maji, kinaachia.

Angeweza kulifagia lile jino likaenda na takataka. Wazo hilo lilimjia, na lilikaa naye kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akamkumbuka yule mtoto mdogo alivyokuwa akirukaruka kwenye mchanga, jaketi limempanda mpaka masikioni. Akakimbilia jikoni.

"Mama! Kifungo cha jaketi la mtoto kimevunjika! Nimeokota jino lake bandani!"

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Si uliyakagua?"

Kiroboto akasema, "Niliyakagua."

"Basi ni mjomba wako huyo! Anavalisha watu kama anafunga gunia. Simu huko bondeni haishiki. Chukua filimbi, pita njia ya mkato, uwawahi kabla ya maji ya kasi. Puliza mara tatu. Kimbia, mwanangu, mimi nipo nyuma yako!"

Alikimbia. Nyasi zilimchapa magoti, kandambili moja ikamtoka na hakuirudia. Mto uliizunguka ile kona kwa mbali, njia iliikata katikati, lakini ilipanda kwanza, na kila alipovuta pumzi kifua kiliuma. Alipofika juu alisikia ngurumo ya maji ya kasi. Alipoteremka aliiona boti. Ilikuwa imekwisha kuacha maji yaliyotulia.

Akapuliza. Ngurumo ikaimeza sauti. Mtoto mdogo alikuwa ameinama pembeni akigusa mapovu kwa kidole. Kiroboto aliingia mtoni mpaka magotini, akapuliza tena, na tena, mpaka masikio yakamwuma.

Binti wa misuko ndiye aliyegeuza kichwa. Alimgusa mjomba begani, akaonyesha. Mjomba akakita kasia, boti ikajipinda, ikagonga jiwe. Ilirushwa upande mmoja, na mtoto mdogo akateleza. Baba yake akamdaka jaketi begani.

Jaketi likafunguka. Likabaki mkononi mwa baba, tupu.

Mtoto alikuwa nusu ndani ya maji mama yake alipomnasa mkono. Alimvuta kwa pupa, wakaanguka wote wawili sakafuni mwa boti, na mjomba akapiga makasia kama mtu anayefukuzwa mpaka mpira ukasugua mchanga.

Mtoto alilia kwa sababu kiatu chake kilichukuliwa na maji. Mama yake alimkumbatia.

Mama wa Kiroboto alifika akihema, mtoto mgongoni. Alikwenda moja kwa moja kwa mjomba.

"Mikono yako hiyo! Nimekuambia mara ngapi usivute vifungo kwa nguvu? Ungemwua mtoto wa watu!"

"Dada, mimi sikuvuta..."

"Usinijibu! Kuanzia leo hushiki tena kasia langu."

Mjomba aliangalia chini. Kazi hii aliipenda kuliko chakula. Hata wakiwa mezani alikuwa akisimulia mawe ya mtoni kana kwamba ni jamaa zake. "Sawa, dada," alisema taratibu. "Nimeyakuta yametazama mlango, nikawavalisha. Sijui kilivunjika vipi."

Mama alimnyooshea Kiroboto mkono, naye akampa lile jino jekundu. Mama aliligeuza mwangani, akaliweka karibu na kifungo kwenye jaketi lililolowa. Pale lilipokatikia palikuwa na tope lililokauka, la ukingoni, kavu kama la jana. Kifungo hakikuvunjika asubuhi hii.

Alimtazama binti yake. Hakupaza sauti. Alichuchumaa mbele yake, akamfuta jasho usoni kwa pindo la nguo.

"Umekimbia vizuri," alisema. "Yule mtoto anapumua kwa sababu ya miguu yako, na hilo silisahau. Lakini nisikilize. Kazi ambayo haijaisha si jambo la kutisha. Ukiniambia bado, nitaacha sufuria nije tuimalize wote. Ukiniambia tayari, hakuna atakayetazama tena. Mimi nitaamini, mjomba ataamini, na mgeni atamvalisha mwanawe na kumwingiza mtoni. Hilo neno moja ndilo lililowabeba watu wote hawa leo."

Alisimama, akasogea pembeni kidogo, ili mjomba na wageni wamwone Kiroboto vizuri. Baba wa watoto alikuwa bado ameshika jaketi. Mjomba aliinua macho.

Kiroboto alimtazama mjomba kwanza, kisha yule mtoto mwenye kiatu kimoja, akavuta pumzi ili ngurumo ya maji isimeze sauti yake.

"Mimi ndiye niliyeyageuza majaketi ya watoto bila kuyakagua."