Kidevu cha Ikhlas

Hijabu ya shule ilikataa kupita kidevuni. Ikhlas aliivuta tena, mshono ukalia, akamwita mama yake, Mwanamisi.

"Mathe, hii kitu imenishika. Si walinipunguza?"

Walimpunguza, ndiyo. Mwezi uliopita Mwanamisi alimpeleka kliniki moja ya Ruiru akakatwe ncha ya kidevu, kwa sababu darasani walimwita Jembe na mtoto alikuwa ameanza kula akiwa amejifungia. Daktari wa kwanza, huko Thika, alikataa katakata: msichana ana miaka kumi na minne, taya bado linakua, ukikata sasa hujui litaelekea wapi. Mwanamisi akatafuta daktari asiye na maneno mengi, na wa aina hiyo hakosekani.

Kosa kubwa lilikuja baadaye. Kwao, kinachotoka mwilini mwa mtu huzikwa, iwe jino, iwe nywele, kwa hiyo aliomba kile kipande cha mfupa akapewa kimefungwa kwa bandeji. Lakini ploti yao ya kupanga huko Kamenu ni simiti tupu hadi getini, na Wangeci, mama anayeiangalia, alikuwa amekaa hapo na macho yake. Angechimba wapi, na angesema nini, na baba mtoto hajui lolote? Aliingia choo cha nje, akakiangusha shimoni, akatoka bila hata bismillahi. Chooni, jamani! Hata mtoto wa madrasa angemwambia kuwa majini hukaa huko.

Baada ya ile hijabu, kidevu hakikutulia. Kilishuka, kikavuta mdomo upande, na harufu ya shimo ikawa inatoka kinywani mwa mtoto hata akipiga mswaki.

"Woi, Mama Ikhlas," Wangeci alimnong'oneza mchana mmoja, "kwa hiyo choo kuna mtu anatafuna. Nimefungua, hakuna mtu."

Mwanamisi alilia. Kisha akafunga waya kwenye ufito mrefu, akapiga magoti juu ya shimo lile akilivuruga na kulivuruga, akiomba kwa sauti, mpaka majirani wakamtoa kwa nguvu. Mfupa haukupatikana.

Ndipo akaitwa Ustadhi Mahir. Alimfunika Ikhlas kwa shuka, akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo mfupa wa kidevu ulivyolia chini ya shuka, ukinyooka taratibu huku mtoto akishika godoro kwa kucha na ile harufu ikijaa chumba chote, mpaka kikatoka kijisauti chembamba ambacho hakikuwa cha Ikhlas.

"Mlinipa kidogo, nikaonja. Nimekuja kwa ile imebaki."

"Wewe ni nani?" ustadhi aliuliza.

"Mimi ni mtoto tu."

Mwanamisi alijitupa kitandani. "Muache! Chukua langu, taya lote, na meno! Tafadhali, mwanangu hana kosa, ni mimi!"

Mkono wa Ikhlas ulitoka chini ya shuka, ukamshika mama taya, ukalibonyeza huku na huku kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Mwanamisi alifumba macho, akangoja, akatamani.

Mkono ukamwachilia.

"Hii imekomaa, mama. Mimi nataka yenye bado inakua."